Chura wa Koitobos na Hesabu ya Miche

Mwaka 1935 Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekuwa mtaalamu wa nyoka na vyura katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha maelezo ya chura ambaye sayansi haikuwa imewahi kumwandika. Chura huyo alitoka Mto Koitobos, kwenye mbavu za Mlima Elgon upande wa Kenya, karibu mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Hakuwa chura wa bwawani. Makao yake yalikuwa mawe ya mto wenye kasi, pale maji yanapoporomoka na kurusha manyunyu. Akapewa jina Arthroleptides dutoiti. Mara ya mwisho alionekana mwaka 1962, Kenya ikiwa bado inasubiri uhuru. Waliorudi kumtafuta baadaye walikuta mto, mawe na povu. Chura hawakumwona.

Mtu akisimama sokoni Kitale na kutangaza kwamba ametoka mlimani kumsaka chura, atachekwa mpaka jua litue. Ataulizwa kama ana njaa.

Hata hivyo, swali la chura huyo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu linahusu namna taifa linavyohesabu mali yake. Kila msimu wa mvua viongozi hupanda Elgon wakiwa na majembe mapya na buti ambazo bado zina harufu ya duka. Miche huteremshwa kwenye lori, mashimo huwa yamekwisha kuchimbwa, picha hupigwa, na jioni idadi hutangazwa redioni: elfu kadhaa Saboti, elfu kadhaa Kaberwa. Serikali imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Ni lengo kubwa, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayekataa mti. Lakini katika hesabu hiyo yote, ni nadra kusikia swali dogo tu: ni miti ya aina ngapi? Na zile aina zilizokuwapo kabla ya lori kufika, zimebaki ngapi?

Makala haya yanashikilia kwamba Elgon inapotea kwa njia ambayo hesabu ya miche haiwezi kuionyesha, na kwamba watu wa Trans Nzoia na Bungoma, kuliko Wakenya wengine wote, wana sababu ya kulijua hilo.

Kwanza mlima wenyewe. Elgon ni volkano iliyozimika, kongwe kuliko Mlima Kenya na Kilimanjaro, umri wake ukikadiriwa kuwa zaidi ya miaka milioni 20. Wanajiolojia wanaamini kwamba zamani ulikuwa mrefu kuliko ulivyo leo. Sasa kilele chake cha juu, Wagagai, kiko mita 4,321, upande wa Uganda, na kasoko yake ina upana wa kilomita 8 hivi. Kitako chake kimetanuka kilomita 80, ndiyo maana mgeni anayeingia Kitale kwa mara ya kwanza huuliza mlima uko wapi ilhali anautazama. Haukuchongoka kama milima ya kwenye kalenda. Umelala tu pale magharibi kama ng'ombe anayecheua.

Wabukusu huuita Masaba, kama wanavyouita ndugu zao Wagisu ng'ambo ya mpaka. Jina Elgon limetokana na Wakony, mojawapo ya jamii za Wasabaot. Wafuasi wa Dini ya Msambwa ya Elijah Masinde waliuona kuwa Sayuni yao. Hata Carl Jung, daktari wa nafsi kutoka Uswisi, alipiga kambi kwenye miteremko yake mwaka 1925 akiwauliza wazee habari za ndoto zao. Kila aliyefika alitafuta chake.

Anayetoka Endebess na kuingia kwenye hifadhi ya taifa kupitia lango la Chorlim huanza kupita chini ya miti ambayo watu wawili hawawezi kuikumbatia: podo, mutarakwa, na ule mzeituni wa mwituni ambao wafanyabiashara wa mbao huuita Elgon teak ingawa si msaji hata kidogo. Mbega huruka juu kwa juu, manyoya yao meupe yakining'inia kama shuka lililosahauliwa kwenye kamba. Akipanda zaidi anaingia kwenye mianzi, kisha misitu mifupi yenye ndevu za kuvu, na hatimaye uwanda wa juu ambako mimea imefanya vituko. Huko kuna lobelia ndefu kama nguzo na Dendrosenecio elgonensis, jamaa wa magugu ya kawaida ya bondeni, ambaye hapa amekuwa mti mrefu kuliko mtu na kujivika majani yake makavu kama koti. Usiku baridi hugandisha, mchana jua huchoma, na mmea usiokuwa na koti haumalizi mwaka.

Jina la pili la mmea huo linatoka kwenye mlima huu. Vivyo hivyo kwa baadhi ya lobelia zake. Milima mirefu ya Afrika Mashariki ni kama visiwa: nyanda zenye joto zimeizunguka kama bahari, na mmea uliozoea baridi ya Elgon hauwezi kuvuka kwenda Mlima Kenya kwa miguu. Kwa maelfu ya miaka kila mlima umetengeneza watu wake, ukipenda kusema hivyo. Ndiyo maana kilichotoweka Koitobos hakiwezi kuagizwa kutoka Nyeri.

Kuna jambo moja ambalo Elgon haikuliiga popote, nalo ni ndovu wake wachimba chumvi. Mvua ya mlimani huosha madini kwenye udongo, na majani ya huko hayana chumvi ya kutosha kwa mnyama mwenye mwili ule. Basi kwa vizazi visivyohesabika ndovu wa Elgon wamekuwa wakiingia usiku katika mapango ya Kitum, Mackingeny na mengine, gizani kabisa, wakipapasa njia kwa mikonga, kisha hukwangua ukuta kwa pembe na kusaga jiwe kwa magego. Kitum huingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200. Mwanabiolojia Ian Redmond aliwafuatilia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kazi yake ndiyo iliyoufanya ulimwengu uamini kile ambacho wafugaji wa Kisabaot walikuwa wakikijua, kwani wao pia walipeleka mifugo yao mapangoni kulamba chumvi hiyo hiyo. Joseph Thomson, mvumbuzi Mskoti aliyepita mwaka 1883, alikuta watu wakiishi humo pamoja na ng'ombe wao.

Pango la Kitum lina sifa nyingine, ya kutisha. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi magharibi mwa Kenya, na mwaka 1987 mvulana wa Kidenmark, walifariki kwa homa ya Marburg baada ya kulitembelea. Miaka mingi baadaye virusi hivyo vilipatikana ndani ya popo wala matunda katika machimbo ya Uganda. Kuna wanaotumia kisa hicho kusema mwitu ni hatari na heri ufyekwe. Ni hoja ya ajabu. Popo wale wale ndio wanaosambaza mbegu za miti msituni, na mtu aliyekaa mbali na kinyesi chao pangoni hana ugomvi nao.

Ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwapunguza sana ndovu hawa. Waliosalia wanajua njia za mapangoni kwa kufundishwa na mama zao. Hapo pana somo ambalo halimo katika vitabu vya takwimu: ukiua ndovu wazee wa Elgon ukaleta wengine kutoka Tsavo, utakuwa na ndovu, lakini hutakuwa na wachimba chumvi. Idadi itarudi. Ujuzi hautarudi.

Sasa tushuke chini kwenye mahindi, kwa sababu huko ndiko Kitale ilikojipatia jina.

Mwaka 1955 utafiti wa kuboresha mahindi ulianza Kitale, na mwaka uliofuata ikaanzishwa Kenya Seed Company, iliyoanza na mbegu za nyasi za malisho kabla haijajulikana kwa mahindi. Watafiti walikuwa na mahindi mazuri ya nyanda za juu, waliyoyaita Kitale Synthetic II, lakini walipoyazalisha wenyewe kwa wenyewe mavuno yalipanda kidogo tu na kukwama. Ufumbuzi ulitoka mbali. Miongoni mwa mbegu walizoletewa kutoka Amerika ya Kusini ilikuwamo moja ya milima ya Ekuado, iliyopewa namba 573. Walipoichanganya na ile ya Kitale, watoto waliozaliwa waliwazidi wazazi wote wawili kwa mbali. Mwaka 1964 mbegu hiyo ilitolewa kwa wakulima kwa jina H611, na kutoka kwenye ukoo huo zikafuata nyingine ambazo mkulima wa eneo la Kwanza, Trans Nzoia, leo anazitaja kwa namba kama anavyotaja namba ya simu ya shemeji yake.

Kila gunia la kilo 90 linalopakiwa Kitale lina deni kwa mkulima fulani wa zamani wa Ekuado ambaye hakuitupa mbegu yake isiyo na jina. Kama milima ile ingekuwa imepandwa aina moja tu ya mahindi, kusingekuwa na namba 573 ya kuletwa. Wala hilo si jambo la kale. Ugonjwa wa mahindi uitwao MLN ulipoonekana Bomet mwaka 2011 na kuanza kukausha mashamba, na viwavijeshi vamizi walipoingia mwaka 2017 na kuitesa Trans Nzoia, wataalamu walirudi tena kwenye ghala za mbegu za kale kutafuta ukoo wenye ukinzani. Mbinu ya vuta sukuma, iliyobuniwa na watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, na kujaribiwa mapema katika mashamba ya Trans Nzoia, inategemea nyasi na mikunde: desmodiamu katikati ya mahindi humfukuza nondo wa viwavi, nyasi za napia pembezoni humvutia mbali. Nyasi tu. Zile zile ambazo wengine huziita magugu.

Basi mji ambao umetajirika kwa kuchanganya aina tofauti ungetarajiwa uwe wa kwanza kupiga kelele aina zinapopungua mlimani. Haikuwa hivyo. Mahindi yamepanda mlima, aina mbili au tatu, safu kwa safu, mpaka kwenye kingo za mito.

Hapa lazima mambo yasemwe kwa haki. Mkulima anayelima kwenye mteremko wa Elgon hafanyi hivyo kwa sababu anachukia vyura. Ekari tano za babu zimegawanywa kwa wana wanne, na wana hao wana watoto. Karo haisubiri. Mfumo wa shamba ulianzishwa na wakoloni zaidi ya karne moja iliyopita ukiwa mkataba wa akili kabisa: mwananchi apewe kipande cha msitu uliovunwa, alime mahindi na viazi huku akipalilia miche ya serikali, na miche ikishatoa kivuli ahamie kipande kingine. Serikali ilipata vibarua bila malipo, mwananchi akapata ugali.

Tatizo ni kile kilichopandwa. Ulikuwa ni msaiprasi, msonobari na mkaratusi, miti ya mbao na ya karatasi. Kiwanda cha karatasi cha Webuye kililishwa kwa miti ya namna hiyo kwa miaka mingi kabla ya kufungwa mwaka 2009. Hakuna ubaya kwa shamba la mbao, ilimradi liitwe shamba la mbao. Lakini chini ya msaiprasi ulioshikana kumekauka kama chini ya paa la bati: hakuna mizizi ya dawa, hakuna matunda ya mbega, hakuna majani manene ya kunyonya mvua na kuiachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi. Na mfumo huo huo ulizoesha watu kuona msitu kama shamba ambalo zamu yake haijafika. Serikali ya Rais Moi iliupiga marufuku mwishoni mwa miaka ya 1980; ukarudi miaka ya 1990; ukapigwa marufuku tena mwaka 2003; ukarudi kwa jina la PELIS baada ya Sheria ya Misitu ya 2005. Mwaka 2022 Rigathi Gachagua, akiwa ndiyo kwanza ameingia ofisi ya Naibu Rais, alipotangaza kuwa wakulima wataruhusiwa kurudi msituni, nchi nzima iligawanyika kana kwamba mjadala huo ni mpya. Marufuku ya kukata miti iliyowekwa Februari 2018 nayo ikaondolewa na Rais Ruto Julai 2023. Mlima hauwezi kufuata sera zinazobadilika kuliko hali ya hewa ya Chepkitale, uwanda wake wa juu.

Ng'ambo ya mpaka kuna kisa ambacho wapenda miche wangepaswa kukisoma usiku wa kuamkia kila sherehe ya kupanda miti. Mwaka 1994 mamlaka ya hifadhi ya Uganda ilishirikiana na shirika la FACE la Uholanzi kupanda miti kwenye mpaka wa hifadhi ya Elgon ili hewa ya ukaa inayotolewa Ulaya ifidiwe huko. Miti ilihesabiwa kwa hekta na kwa tani. Watu waliofurushwa kutoka kwenye ardhi hiyo hawakuhesabiwa kwa chochote, nao wakaifyeka na kupanda mahindi. Mwaka 2005 Wabenet, wenyeji wa kale wa mlima, walishinda mahakamani Mbale; sehemu ya mradi ilikuwa imekwisha kuwa kuni. Na miteremko iliyovuliwa miti huko haisamehe. Machi 2010 udongo uliporomoka Nametsi, wilayani Bududa, na kufukia mamia ya watu.

Upande wa Kenya, damu imemwagika pia, na chanzo chake ni ramani. Kuanzia mwaka 1971 serikali ilikata kipande cha msitu huko Chebyuk ili kuwahamishia watu wa Chepkitale, wale wa uwanda wa juu. Ugawaji ulirudiwa na kurudiwa, majina yakaingizwa na kufutwa, na kufikia mwaka 2006 kundi la wapiganaji wa Kisabaot, SLDF, lilikuwa limeshika bunduki. Mamia waliuawa, wengine wakakatwa masikio, na operesheni ya jeshi ya Machi 2008 ikaleta mateso yake yenyewe. Mtu anayeandika habari za lobelia na kulikwepa hilo anaandika habari za mlima mwingine.

Wakati huohuo uwanda wa Chepkitale, ulio zaidi ya mita 3,000, haukuwa mtupu. Waogiek wa Elgon walibaki huko na ng'ombe na mizinga yao, wakifurushwa na kurudi. Mwaka 2000 ardhi yao ilitangazwa kuwa hifadhi ya wanyama bila wao kuulizwa. Walichofanya baadaye kinafaa kuwaaibisha wenye majembe mapya: waliketi wakaandika kanuni zao wenyewe, zikikataza kuchoma makaa, kuwinda ndovu na kulima mashamba ya biashara uwandani, wakaweka vijana wa kuzilinda. Ndovu hupita kwenye malisho yao. Mwaka 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa haki katika kesi waliyoipigania tangu 2008. Mwaka huo huo Mahakama ya Afrika ya Arusha iliamuru Waogiek wa Mau walipwe fidia, kufuatia hukumu yake ya 2017. Kutoa hukumu ni hatua moja. Kuwapa walioshinda bajeti, redio za mawasiliano na kauli katika vikao vya misitu ni hatua nyingine, na hiyo ndiyo inayokawia.

Si kwamba mwenyeji yeyote ni mlinzi wa kuzaliwa. Huo nao ni uongo, na wakazi wa Chepchoina wangekuwa wa kwanza kuucheka. Ndovu akishuka usiku kwenye shamba la ekari moja, asubuhi mwenye shamba hana cha kuvuna ila nyayo. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaahidi shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na fidia kwa mazao pia, lakini fomu hujazwa haraka kuliko zinavyolipwa. Serikali inayotaka ndovu wachimba chumvi waendelee kuishi inabidi ilipe gunia la mahindi kabla ya karo ya muhula unaofuata. Hiyo ndiyo bei, na ni ndogo.

Mfano wa karibu zaidi wa kile kinachoweza kubaki, na jinsi kinavyobaki, uko kando ya barabara ya Kitale kwenda Kapenguria. Mbuga ya Taifa ya Saiwa ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizopanuka zinazomwezesha kutembea juu ya matope bila kuzama. Ina eneo lisilofika kilomita 3 za mraba, ndogo kuliko mbuga nyingine zote za taifa nchini. Mtalii hawezi kuingia na gari. Hutembea kwa miguu juu ya mbao na kupanda jukwaa la mtini kusubiri kimya. Humo pia yumo kalasinga, kima mwenye ndevu nyeupe za heshima ambazo ziliwakumbusha watu wa zamani Makalasinga wenye maduka na karakana, na ndege wa kila rangi. Pande zote ni mashamba. Udongo na mbolea hutiririka ndani, na kila mwaka bwawa hilo hulazimika kumeza zaidi kidogo.

Saiwa inathibitisha kwamba kipande kidogo kikiachwa na maji yake, kinaweza kushika viumbe ambao mamilioni ya mikaratusi hayawezi. Nyuma ya jumba la makumbusho la Kitale, lililoanzishwa na Luteni Kanali Hugh Stoneham kwa mkusanyiko wake wa vipepeo, ndege na wadudu, kuna msitu mdogo wa kiasili wenye njia ya kutembea. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kuhesabu aina nyingi za miti pale kwa dakika 20 kuliko atakazopata katika shamba zima la miti lililopandwa kwa shangwe. Walimu wengi humpitisha haraka ili wawahi mamba na nyoka. Ni haki yao. Mamba ana mvuto wake.

Kinachopendekezwa hapa si kikubwa. Kila taarifa ya upanzi wa miti itolewe na hesabu mbili badala ya moja: idadi ya miche, na idadi ya aina. Wauzaji wa miche kando ya barabara ya Endebess wana mikaratusi kwa sababu ndiyo inayonunuliwa. Kaunti zikitangaza zabuni ya podo, mutarakwa na mwiritsa, watu hao hao watajua pa kupata mbegu. Mwiritsa, yaani Prunus africana, ni mti ambao gome lake hutengenezwa dawa ya tezi dume na kuuzwa Ulaya, na biashara yake ya kimataifa imewekewa udhibiti tangu mwaka 1995 kwa kuwa ulikuwa ukichunwa hadi kufa. Mkulima wa Bungoma aliyepanda mwiritsa kumi mpakani mwa shamba lake amehifadhi mlima kuliko mbunge aliyepanda msaiprasi mmoja mbele ya kamera. Na kingo za mito, kuanzia chemchemi, ziachwe zijioteshe zenyewe. Hiyo haihitaji mche hata mmoja, na pengine ndiyo sababu haipendwi: haina sherehe.

Ikiwa haya yanaonekana ni mambo ya wenye shibe, wasomaji watazame mito. Elgon ni mojawapo ya vyanzo vikuu vitano vya maji nchini. Mto Suam hutoka kwenye kasoko, hugeuka Turkwel, huzungusha mitambo ya umeme ya bwawa la Turkwel na kuishia katika Ziwa Turkana. Koitobos na Kuywa huingia Nzoia, na Nzoia huenda Ziwa Victoria kupitia Budalangi, ambako watu wanajua kwa majina miaka ambayo maji yaliingia chumbani. Kila Agosti ya mwaka wa shufwa, vijana wa Kibukusu hupelekwa mtoni alfajiri kupakwa matope baridi kabla ya kutahiriwa. Mto uliopungua kwa kiangazi na kuchafuka kwa mvua ni habari kwa wote hao.

Turudi kwa chura. Tanzania iliwahi kufika pale Kenya ilipo, ikageuza njia. Mwaka 1996 chura mdogo wa rangi ya dhahabu aligunduliwa katika manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, mahali pamoja tu duniani, wakati bwawa la umeme likijengwa juu yake. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yalikoma. Vyura takriban 500 walipelekwa Marekani kuzalishwa, mabomba ya kunyunyiza maji yakatandazwa bondeni, na mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba hakuna tena aliyebaki porini. Mwaka uliofuata kundi la kwanza la wazawa wao lilirudishwa Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakarejeshwa Kihansi. Kuna waliolalamikia gharama. Lakini Kihansi ingali inazalisha umeme, na Tanzania ingali na chura wake.

Jamaa wa karibu wa chura wa Koitobos pia wako Tanzania, katika milima ya Usambara na, kusini zaidi, Uluguru na Udzungwa. Yule wa kusini alipewa jina la kisayansi mwaka 2002: Arthroleptides yakusini. Ni Kiswahili kitupu, kimeingizwa kwenye Kilatini bila kuombewa radhi. Wa Elgon, kama angali hai, ndiye wa kaskazini.

Kumtafuta si kazi ya mabilioni. Jamaa zake hujificha mchana na kutoka juu ya mawe giza likiingia. Usiku mmoja wa mvua ya Aprili, askari wawili wa wanyamapori, mtaalamu mmoja kutoka jumba la makumbusho, wanafunzi watatu wa Endebess na mzee mmoja anayeujua mto wanaweza kuanzia pale Loveridge alipoandika, mita 2,200, na kupanda taratibu kuelekea mianzi, tochi zikimulika jiwe baada ya jiwe. Asubuhi watakuwa na orodha ya kila walichokiona, chura awemo au asiwemo, na mahali ambapo maji yalikuwa safi, na mahali ambapo mahindi yalikuwa yamegusa mto.